Yowe Mmeliweka Kimya

Kundi letu la kuzikana lina watu 118. Ni la mtaa mmoja wa mlimani, upande wa Mabatini, Mwanza, na mimi ndiye katibu wake. Mwezi uliopita, saa kumi na moja alfajiri, niliandika humo kwamba mzee wetu amefariki usiku, kwamba turubai na viti vinatafutwa, kwamba mchango ni elfu tano kama kawaida, na kina mama waje na masufuria. Kufika saa nne asubuhi, waliofika msibani walikuwa kumi na mmoja. Kaburi lilichimbwa na vijana wa mtaa wa pili, ambao hawamo kundini. Walisikia kilio kwa masikio yao wakapanda mlima na majembe. Siku ya tatu, matanga yamekwisha kuanuliwa, mwenzetu mmoja akanikuta kituo cha daladala akaniuliza kwa uchungu: "Katibu, kumbe mzee ametutoka? Mbona hamkutuambia?" Nikamwambia tulitangaza. Akatoa simu, akapekua, akacheka kidogo. "Aah. Hili kundi nilishalimyuti, lina kelele."

Mtu huyo analala nyumba ya nne kutoka kwa marehemu. Huondoka kabla ya jua kwenda Mwaloni kununua dagaa, hurudi usiku, na barabarani masikio yake yamezibwa na muziki.

Sikumjibu pale, maana konda alikuwa anaita Buhongwa na watu walikuwa wanasukumana mlangoni. Namjibu leo, yeye na ninyi wote wa Igogo na Isamilo, wa Nyakato na Nyegezi, wa Kirumba na Igoma, hadi ninyi wa ng'ambo, Sengerema na Ukerewe, mnaobonyeza kitufe kile kile.

Waulizeni wazee wa Magu na Kwimba mwano ni nini. Ni yowe. Ng'ombe wakiibwa usiku, aliyeibiwa alipiga mwano, na aliyeusikia hakuuliza ng'ombe ni wa nani wala walikuwa wangapi. Alichukua upinde akatoka, na akiwa mbioni naye aliupiga, ili ufike kijiji cha mbele kabla mwizi hajafika. Mapema miaka ya 1980, Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walipoanza upande wa Kahama wakaenea Usukumani na Unyamwezini, hilo halikuwa na mjadala kwao: ukisikia, utoke. Asiyetoka alitozwa faini. Aliyekaidi alitengwa, hakuna wa kumsalimia wala wa kumpa moto. Sisemi walikuwa malaika. Walipiga watu kwa ushahidi wa kuambiwa, na vikongwe walioitwa wachawi waliteseka mikononi mwao. Lakini walijua jambo moja ambalo ninyi wenye simu mbili mbili mfukoni mmelisahau: sikio la mtu lina deni kwa jirani yake.

Sasa tazameni kitufe chenu. WhatsApp inawapa njia tatu za kulinyamazisha kundi: kwa saa 8, kwa wiki 1, au daima. Zamani ile ya tatu ilikuwa mwaka 1. Oktoba 2020 waliuondoa mwaka wakaweka daima. Mwaka ulikuwa na huruma kidogo; ulikwisha, simu ikalia tena, ukapata nafasi ya kuona haya. Daima haikwishi. Ni neno ambalo msikitini na kanisani tunamwachia Mungu, na ninyi mnalibonyeza kwa kidole gumba mkiwa mmekalia ndoo mkisubiri chenji. Mwaka 2021 likaongezwa jingine: mazungumzo uliyoyatupa kwenye kumbukumbu hayapandi tena juu hata ujumbe mpya ukiingia. Kabla ya hapo, mtu uliyemweka kando akikuandikia alijitokeza mwenyewe, kama mgeni aliyebisha hodi mara ya pili. Siku hizi anabisha hodi stoo, na wewe unakula sebuleni.

Nani wamo stoo humo? Nimepekua simu za watu, kwa ruhusa yao, na nimesikitika. Yumo mama wa Misungwi anayetuma ujumbe wa sauti wa dakika sita. Yumo baba mdogo aliyeomba ada ya mtoto mara mbili. Yumo mwalimu wa darasa. Yumo mwenyekiti wa mtaa. Wote wamelazwa. Halafu nikatazama upande wa pili, ujumbe gani unaingia na mlio mpaka simu inatikisika mezani? Kamari: weka mia tano ushinde milioni. Mganga wa kupandisha nyota na kurudisha mume ndani ya saa ishirini na nne. Mtu asiyejulikana anayesema ile hela atumiwe kwenye namba hii, na jina litakuja la fulani. Mwenye nyumba wa uongo anayeuliza kodi vipi. Hao hamjawagusa. Mama mmemtoa nje na tapeli mmempa kiti.

Mnajitetea: mama anaongea sana. Tangu lini salamu ya Kisukuma ikawa fupi? Mwangaluka, na ulivyolala, na watoto walivyolala, na mvua, na ng'ombe, na yule jirani aliyevunjika mguu. Mnadhani hayo ni maneno ya kupitisha muda. Mama hasemi anaumwa katika dakika ya kwanza. Anakisema kifua chake katika dakika ya tano, katikati ya habari za mahindi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja kitu kidogo alichokuwa karibu kukisahau. Ninyi dakika ya tano hamjawahi kuifika.

Na kelele hizo mnazozikimbia, nani alizileta? Semeni ukweli. Programu ya mikopo ilikuuliza kama inaweza kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yako. Ukabonyeza ruhusu kabla hujamaliza kulisoma swali, kwa sababu ulitaka hela kabla ya jioni. Wakakata riba juu kwa juu, ukapewa pungufu, ukatakiwa kurudisha zaidi ndani ya siku chache. Ukachelewa. Ndipo shemeji yako wa Geita, na mchungaji wako, na yule mama lishe wa Kirumba unayekula kwake kwa mkopo, wakapokea ujumbe mchana kweupe kwamba wewe ni tapeli na wakuambie ulipe. Ukajifungia ndani siku mbili kwa aibu. Aibu hiyo tunakuonea huruma. Lakini je, shemeji? Yeye hakukopa. Yeye aliruhusu lini?

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliyapiga marufuku majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mwaka mmoja kabla yake, Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Data ya Kenya iliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya, kwa kuwatumia ujumbe wa vitisho watu ambao namba zao zilichotwa kwenye simu za wengine. Hapa kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Serikali ifanye kazi yake, na ikizembea tutaikaripia siku yake. Leo nazungumza nanyi. Hakuna sheria iliyokishika kidole chako ukabonyeza ruhusu.

Namba ya mtu ni amana. Mama lishe alipokutajia tarakimu zile kumi, mikono yake ikiwa na unga, alikupa wewe. Hakumpa mtu wa ofisi asiyemjua katika mji asioujua. Mtu akikuwekea mbuzi wake ukamchinja, utaitwa mezani mbele ya wazee. Mmechinja majina mia tatu, mia nne, kwa mkopo wa elfu thelathini, na hakuna aliyewaita popote. Nawaita mimi.

Nirudi kwa tapeli, maana kwake ndipo dhambi yenu inapoonekana wazi. Ujumbe wake ukiingia mnafanya nini? Mwerevu anablok, anacheka, anaupiga picha anauweka status watu wamwone alivyo mjanja. Umemwondoa mlangoni kwako. Yeye amegeuka tu, amekwenda nyumba ya pili, na nyumba ya pili anakaa bibi mwenye kitochi ambaye mwanawe kweli alimwahidi hela wiki hii, na kweli hajui namba mpya ya mwanawe. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040. Unausukuma ujumbe ule wa kitapeli kwenda huko. Unaulizwa namba iliyoutuma, unaiandika, umemaliza. Ni kazi ya dakika moja. Huo ndio mwano wa zama hizi, na unaupiga umekaa. Nimeuliza watu ishirini na mbili pale stendi ya Nyegezi kama wamewahi kuutuma ujumbe wowote huko. Watatu. Mmoja wa hao watatu alikuwa mzee asiyejua kusoma vizuri, aliyesaidiwa na mjukuu.

Kumblok mwizi peke yake ni kulala umefunga komeo huku unasikia anavunja kwa jirani. Sungusungu wangekutoza faini.

Tena, laini za matapeli hazikuota kama magugu-maji. Usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na tarehe 20 Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tangu hapo kila laini ina kidole cha mtu nyuma yake. Cha nani? Cha kijana aliyelipwa soda asajili laini ya mtu asiyemjua. Cha mama aliyeambiwa na msajili wa mwavulini abonyeze tena, haijasoma, abonyeze tena, akabonyeza mara tatu na kuondoka na laini moja. Piga *106# leo uone ni namba ngapi zimesimama kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, usicheke.

Sasa nije kwenye lile mnaloliona dogo kuliko yote: kuiachia mashine ipange watu wenu.

Wa rika langu mnakumbuka namba za Vodacom zilizoanza na 0744 zilivyogeuzwa kuwa 0754. Hakuna mashine iliyotufanyia kazi hiyo. Tulikaa na daftari na simu, jina moja moja, futa, andika, hifadhi. Ilikuwa kero, na tuliilaani kampuni jioni nzima. Lakini kila jina ulipolifikia ulilazimika kulitazama: huyu yupo? Yuko wapi siku hizi? Mbona hatujasalimiana tangu msiba wa shangazi? Jioni ile nilifika kwenye herufi M nikamkuta mtu niliyesoma naye, nilikuwa sijampigia mwaka mzima. Nikampigia. Alikuwa Tarime, amefiwa na mke. Kama mashine ingenibadilishia zile tarakimu nikiwa nimelala, nisingejua.

Siku hizi simu inakuambia imeona majina mawili yanayofanana, je, iyaunganishe? Unajibu ndiyo huku unatazama mpira. Inakuambia itachukua majina kutoka barua pepe, kutoka laini, kutoka simu ya zamani, iyachanganye yote. Ndiyo. Inakuambia itafuta yasiyotumika. Ndiyo. Mtu akikuomba kisu cha jikoni unamuuliza cha nini. Hii inaomba watu wako wote, nawe humuulizi mtu.

Mimi nimeitenda dhambi hiyo, acha niikiri kabla hamjanichimba. Nilikuwa na Mama Neema wawili. Mmoja anauza sato Mwaloni, mwingine ni mjane wa mtaani kwetu, mhazini wa kundi la kuzikana. Nikakubali waunganishwe nikiwa kwenye foleni, sikusoma. Wiki mbili baadaye nikatuma laki moja na ishirini za rambirambi kwa mhazini, zikaenda kwa muuza samaki. Jina la mpokeaji lilitokea kabla sijaweka namba ya siri, kama linavyotokea siku zote. Lakini lilikuwa jina la kwenye kitambulisho, hakuna Mama wala Neema ndani yake, na sikulisoma pia. Yule mama alirudisha shilingi zote, hakukata hata ya kutolea. Nilipokwenda kumshukuru akaniangalia akasema: "Katibu, kumbe kwenye simu yako mimi na yule mwenzangu ni mtu mmoja." Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Na dawa ilikuwepo! Majina yanayotunzwa na Google yanaweza kurudishwa kama yalivyokuwa siku yoyote ndani ya siku 30 zilizopita, na jina lililofutwa hukaa kwenye pipa lake siku hizo hizo 30 kabla ya kupotea kabisa. Siku thelathini ni nyingi. Ni mwezi mzima wa Ramadhani. Mwizi wa ng'ombe hakuwahi kumpa mtu muda huo. Lakini ili urudishe kitu lazima kwanza ugundue kwamba kimepotea, na ili ugundue lazima uwe ulikuwa unawatazama.

Yapo na ya kutisha zaidi. Laini isiyotumika muda mrefu kampuni huichukua ikaiuza tena kwa mtu mwingine. Baba yako mkubwa alifariki miaka mitatu iliyopita. Jina lake umelihifadhi, na ni haki yako, wapo wanaohifadhi hadi fimbo. Asubuhi moja anatokea kwenye simu yako amevaa miwani ya jua, ameegemea bodaboda, ametoa ulimi. Mashine imeichukua picha ya mwenye namba mpya ikaibandika juu ya jina la marehemu wako. Nawe umeiona, umetabasamu kidogo, umepita kwenda kutazama status nyingine. Babu zetu walimwaga pombe chini kwa ajili ya mtu kama huyo.

Wavuvi, msidhani mmepona. Ninyi ndio nawaogopea zaidi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, taa zikielea majini kama mji mwingine. Ni usiku huo huo ziwa linapogeuka. Mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Usiku hubadilika, pepo za nchi kavu zikateremka kutoka kila upande na kukutana juu ya maji ambayo bado yana joto, na hapo ndipo mawingu ya radi yanapoinuka. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi ya Ziwa Victoria. Mradi wa HIGHWAY wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulioanza mwaka 2017, ulifanywa kwa ajili hiyo hasa, tahadhari imfikie mtu aliye mtumbwini. Basi tahadhari imetoka kwenye setilaiti, imepita ofisini, imefika kwa katibu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, naye ameiweka kundini saa kumi jioni kabla hamjasukuma mtumbwi. Imefia hapo, chini ya picha ya mchezaji wa Yanga na tangazo la injini iliyotumika, kwenye kundi mlilolinyamazisha tangu msimu uliopita. Mnajua bei ya ndoo ya dagaa ya dakika hii Kirumba. Upepo wa saa tano usiku hamuujui.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama, ni nani hapa Mwanza alikuwa na simu ya mkononi? Habari ilipita kwa redio, kwa baiskeli, kwa watu kukimbia vichochoroni wakigonga milango. Na bado kila mtaa ulijua nani ana mtu melini, kwa sababu mtu akisafiri kwenda Bukoba majirani walijua ameondoka lini na anarudi lini. Wengi wa marehemu wale wamelala Igoma. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka ikikaribia gati la Ukara, imebeba watu kupita uwezo wake. Zaidi ya 220 walikufa. 41 wakatoka hai. Wa kwanza kuwafikia walikuwa watu wa kisiwani, waliosikia mayowe wakaingia majini na mitumbwi yao. Walisikia kwa sababu masikio yao yalikuwa wazi mchana ule.

Siwaachi na wa upande wa pili. Ninyi mnaotuma maua ya asubuhi njema kila siku saa kumi na mbili, waridi lenye umande na kikombe cha chai kinachofuka moshi. Ninyi mnaosambaza dua kwa vitisho kwamba asiyeituma kwa watu kumi atapata msiba. Ninyi mliogeuza kundi la kuzikana kuwa gulio la mitumba na viatu vya watoto. Ninyi wagombea mnaoingia kundini miezi mitatu kabla ya uchaguzi na kutoka siku ya pili baada ya matokeo: mnaua watu pia. Mpiga yowe wa uongo alichapwa, tena mbele ya wote, maana kila anapopiga bila sababu anampunguzia pumzi atakayepiga kwa kweli. Kama kundi ni la misiba na wagonjwa, liwe la misiba na wagonjwa. Fungueni jingine la maua. Mimi katibu nilipaswa kuyakataza hayo tangu siku ya kwanza, nikanyamaza nisichukiwe. Lawama hiyo ni yangu, niandikieni.

Lakini hata hilo halimwokoi mtu wa nyumba ya nne. Kelele zina dawa: waweza kunyamazisha saa 8 ulale kisha ukaamka ukasoma, waweza kuwaambia waziwazi kundini kwamba inatosha. Hayo yanataka dakika kumi na ujasiri kidogo. Mmechagua lisilotaka chochote. Na visingizio huisha: tumejengewa daraja la Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya maji, likafunguliwa Juni 2025. Pale palipokuwa na foleni ya feri ya saa mbili unapita dakika nne. Mjomba wako wa Sengerema ulisema hujaenda kumwona kwa sababu ya feri. Sasa unasema nini?

Fungueni simu zenu usiku wa leo. Msianze na makundi, anzeni na majina, kuanzia herufi A. Kila jina litazame. Usilolijua, uliza. Aliyekufa, mwandike kwamba amefariki na tarehe yake. Waliounganishwa, watenganishe. Programu inayosoma majina yako na hujui kwa nini, iondolee ruhusa hiyo. Ipo kwenye mipangilio, mtoto wa darasa la saba atakuonyesha. Kisha shukeni stoo, mwaone mliowalaza daima, mmoja mmoja, na mwamue mbele ya nafsi zenu yupi mnataka asisikike tena mpaka afe. Mkimkuta mama humo, msimtumie ujumbe. Mpigieni.

Nimeandika kundini tena leo asubuhi, saa mbili na nusu. Binti wa mtaani kwetu amejifungua hospitali ya Bugando, ametokwa na damu nyingi, wanatafutwa watu sita wenye kundi la damu O waende kabla ya saa tisa alasiri. Sasa hivi ni saa sita na dakika ishirini. Waliousoma ujumbe ni tisa.